Talaka, Hati na Makao ya Mtoto katika Nchi ya Bukoba

Katika shule tuliyokuwa tukifundisha hapa Kaagya palikuwa na mtoto mwanamume wa miaka 9, ambaye jina lake katika muda wa mwaka mmoja liliandikwa katika daftari la mahudhurio mara 3 na kufutwa mara 2. Baba yake ni mtu wa hapa hapa. Mama yake alikuwa amerudi kwa kaka yake upande wa Muleba. Baba alipomrudisha mtoto shuleni alileta karatasi iliyokunjwa mara nyingi, yenye sahihi za wazee wa pande mbili, kwamba mahari imerudishwa na mambo yamekwisha. Mwezi haukupita, mama naye akaja na karatasi yake, yenye muhuri, iliyotoka katika baraza la kata. Kila mmoja alisema, "Mwalimu, hii ndiyo talaka, mtoto ni wangu." Tulizisoma zote mbili mbele ya mwalimu mkuu. Wala moja haikuwa talaka, wala moja haikumtaja mtoto.

Tangu siku ile tumekuwa tukiwasikiliza wazee na kuzitazama sheria, tupate kujua karatasi hizi zilianzaje na kila moja ilikusudiwa kukata neno gani. Twayaandika haya kwa ajili ya walimu, mapadre na wachungaji, kwa sababu hao ndio huletewa karatasi kwanza, kabla hakimu hajaziona.

Tuanze na maneno yenyewe. Katika Kihaya mwanamume husema *okushwera*, kuoa, na mwanamke *okushwerwa*, kuolewa, sawasawa na Kiswahili. Mume akimtoa mkewe nyumbani, watu husema *okubinga*, yaani kufukuza, neno lile lile la kumfukuza nyani shambani. Neno la "talaka" ni la Kiarabu, lililokuja na Waswahili wa pwani pamoja na neno "hati". Basi Mhaya wa kale alijua kufukuza, na alijua mwanamke kurudi kwao, na alijua kurudisha mali; lakini hakuwa na neno moja la kitendo cha baraza kinachoivunja ndoa kwa maandishi. Hata leo watu wetu hutumia "kuachana" kwa mambo matatu yasiyolingana: mume na mke wanaokaa mbalimbali tu, wale waliotenganishwa kwa amri, nao bado ni mume na mke, na wale ambao ndoa yao imevunjwa na mahakama. Ugomvi mwingi tuliousikia una mzizi wake hapa, kwamba neno moja limebebeshwa mizigo mitatu.

Katika desturi ya zamani ushahidi wa kuvunjika kwa ndoa ulikuwa mali. Mahari ilitolewa mbele ya mashahidi, nayo iliporudishwa mbele ya mashahidi kila mtu alijua kwamba mwanamke yule si mke wa mtu tena. Asiyerudishiwa mahari yake aliweza kudai, hata baada ya miaka mingi, kwamba mwanamke ni wake. Baba au kaka wa mke ndiye aliyetafutwa ili arudishe, na kwa hiyo mara nyingi kaka ndiye aliyemsihi dada yake arejee kwa mumewe, kwa kuwa mali ile ile ilikuwa imekwisha kutumika yeye mwenyewe apate kuoa. Wasomaji wasidhani kwamba jambo hili lilikuwa la fedha tupu. Kurudisha mahari kulikuwa ndiyo hati yenyewe katika nchi isiyokuwa na karatasi. Na wale mashahidi walioketi pamoja wakinywa pombe ya ndizi walikuwa ndio daftari.

Na mtoto? Hapa ndipo tulipojifunza zaidi. Wazee hawakuuliza, "Mtoto akae wapi?" Waliuliza, "Mtoto ni wa nani?" Na kwa Mhaya maswali haya hayafanani. Mtoto ni wa *oruganda*, ukoo wa baba yake, na ukoo una kibanja. Katika kibanja mna migomba na mibuni, mna nyumba, na mna makaburi. Mtoto mwanamume akiulizwa kuwa ni wa nani, aulizwa atarithi migomba ya nani na atazikwa karibu na babu yupi. Kwa hiyo mtoto mchanga aliweza kukaa kwa mama yake mpaka aache kunyonya na kupata nguvu, au kulelewa na bibi kwa miaka mingi, pasipo mtu kuona kwamba haki ya baba imepungua. Makao yalikuwa jambo la siku hizo. Umiliki ulikuwa jambo la daima. Mama aliyerudi kwa kaka yake hakuwa na kibanja cha kumpa mwanawe, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya mtoto kumfuata baba, wala si kwamba Wahaya walidhani mama hampendi mwana.

Jambo hili laonekana wazi katika desturi iliyoitwa *bisisi*, ambayo wageni waliiandika kwa mshangao. Kwa desturi hiyo mwenye haki juu ya mtoto hakuwa lazima yule aliyemzaa kwa damu. Mwanamume aliyetangulia kumjua mwanamke kwa namna iliyohesabiwa na desturi aliweza kumdai mtoto aliyezaliwa baadaye, hata akiwa amezaliwa katika nyumba ya mwingine. Twaweza kuwaza mashauri yaliyotoka humo: mwanamke ameolewa mara ya pili, amezaa, na mume wa kwanza aja mlangoni akidai mtoto. Sisi tuliolelewa katika shule za misheni tulifundishwa kuiona desturi hii kuwa ni upuzi. Baadaye tumeona kwamba ilikuwa na hoja yake, maana ilikata swali la "wa nani" mapema, kabla mtoto hajazaliwa, asije akakosa ukoo. Lakini haikumfikiria mtoto mwenyewe hata kidogo, wala mama yake.

Wadachi walifika Bukoba mwaka 1890, wakati Emin Pasha alipojenga boma kando ya ziwa. Mapadre Weupe walianza Kashozi mwaka 1892, na wamisheni wa Bethel, Waprotestanti, walikuja mwaka 1910, wakawakuta Wahaya wachache waliokwisha kusoma Injili kwa njia ya Uganda. Pamoja na dini likaja daftari la ndoa. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na kitabu kisichokuwa cha ukoo wala cha mkama ambacho ndani yake mume na mke waliandikwa majina yao, na kitabu hicho hakikuwa na ukurasa wa kuwafuta. Mkristo aliyemwacha mkewe aliweza kurudishiwa mahari na kuwa huru mbele ya wazee, naye kanisani akabaki mume wa mke yule yule. Hapo pakawa na hesabu mbili, na watoto waliozaliwa na mke wa pili wakawa na baba mbele ya ukoo ambaye mbele ya padre hakuwa mume wa mama yao.

Waingereza walipoishika nchi, tangu 1916, waliwaacha wakama na mabaraza yao, na baadaye wakayapa nguvu kwa sheria. Shauri lilianza katika gombolola, likapanda hadi lukiko ya mkama. Karani akaandika madai, ada ikalipwa, hukumu ikatiwa katika kitabu. Kurudisha mahari, ambako zamani kulikuwa tendo mbele ya mashahidi, sasa kukawa na stakabadhi. Twaamini kwamba karatasi ile aliyotuletea baba wa mtoto ni mjukuu wa stakabadhi hizo: watu walizoea miaka mingi kuona kwamba aliye na karatasi ya mahari iliyorudi ndiye aliyeachana kweli, na mazoea hayo hayakufa pamoja na mabaraza ya wakama.

Miaka hiyo kahawa ilileta fedha, na kwa fedha mahari ikapanda. Wanawake wengi wa Bukoba waliondoka kwenda Kampala, Nairobi na miji mingine. Wengine walirudi na fedha, wakajirudishia mahari wenyewe, wakanunua kibanja kwa jina lao. Wamisheni na wakama waliwalaumu sana wanawake hao, na lawama hizo twazijua, maana tulizisikia katika mahubiri ya utoto wetu. Lakini kwa habari yetu hii lipo jambo ambalo halikusemwa katika mahubiri. Mwanamke mwenye kibanja alikuwa ameliondoa lile tatizo la kale. Sasa alikuwa na mahali pa kumweka mwanawe, na desturi haikujua la kumjibu.

Mwaka 1945 ilichapishwa sheria ya mila ya Wahaya, kazi ya Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyeitumikia serikali ya Tanganyika, pamoja na M. M. Hartnoll. Kitabu hicho kina faida kubwa kwa mwalimu ye yote wa nchi hii. Lakini tahadhari yapasa. Desturi ikisemwa na wazee yaweza kupindishwa kidogo kwa huruma: leo hivi, kesho vile, kwa kumtazama mtoto aliyeko mbele yao. Ikiisha kuandikwa kwa namba za vifungu, karani huisoma kama ilivyo. Tena wazee walioulizwa walikuwa wanaume, wengi wao wenye vyeo.

Baada ya Uhuru mambo yalikwenda upesi. Mwaka 1963 uchifu ulifutwa, na mabaraza ya wakama yakaacha nafasi kwa Mahakama za Mwanzo. Mwaka huo huo serikali ilitangaza sheria za mila zilizounganishwa kwa makabila yafuatayo ukoo wa baba, na ndani yake watoto wa ndoa waliendelea kuhesabiwa kuwa wa upande wa baba. Mwaka 1969 ukatolewa Waraka wa Serikali Na. 1, wenye shauri la kuwa na sheria moja ya ndoa kwa Wakristo, Waislamu na watu wa mila. Shauri hilo lilijadiliwa sana nchini, nalo likazaa Sheria ya Ndoa, Na. 5 ya 1971.

Katika sheria hiyo ndimo tunamokuta karatasi ya pili, ile ya mama. Sheria iliagiza kwamba mtu asiende mahakamani kudai talaka kabla hajapeleka shida ya ndoa yake mbele ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Baraza hilo lina mwenyekiti na wajumbe wasiopungua 2 wala kuzidi 5. Kazi yake ni kupatanisha. Likishindwa, hutoa hati inayosema kwamba limeshindwa. Wasomaji watuwie radhi tukilikariri neno hili: hati ya Baraza ni ushuhuda wa kushindwa kupatanisha, nayo ni ufunguo wa mlango wa mahakama, wala si nyumba. Baraza halina uwezo wa kuvunja ndoa, halina uwezo wa kugawa kibanja, wala halina uwezo wa kusema mtoto akae kwa nani. Tumepata kuona barua ya baraza moja, ambalo hatutalitaja, iliyofanya yote matatu katika nusu ukurasa, na waliokuwa mume na mke wakaishi kwa barua hiyo miaka mingi, wakaoa na kuolewa tena.

Hati hiyo nayo lazima iwe halali. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilishikilia kwamba dai la talaka lililopelekwa mahakamani pasipo hati halali ya Baraza limepelekwa kabla ya wakati wake. Maana yake ni kwamba watu waweza kushinda katika Mahakama ya Mwanzo, wakagawana mali na watoto, kisha yote yakaanguka kwa sababu karatasi ya kwanza ilikuwa mbovu. Zipo hali ambazo sheria haimlazimishi mtu kupita barazani: mathalani mwenzake amemtoroka wala hajulikani alipo, au ameitwa na Baraza akakataa kwa makusudi kuja, au amefungwa gerezani kwa muda mrefu. Nje ya hali kama hizo hakuna njia ya mkato. Waislamu nao hupitia Baraza. Talaka iliyotamkwa na mume huitazamwa na mahakama baada ya Baraza kushindwa, wala haitoshi peke yake mbele ya sheria ya nchi. Na mahakama ikiisha kuvunja ndoa, amri yake hupelekwa kuandikishwa kwa Msajili, ambaye siku hizi yu chini ya Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini.

Sasa turudi kwa mtoto. Sheria ya 1971 ililigeuza swali. Haikuuliza tena "wa nani". Iliuliza "akae wapi kwa faida yake". Yasema kwamba jambo kubwa kupita yote ni ustawi wa mtoto. Kisha mahakama itazame matakwa ya wazazi, na matakwa ya mtoto mwenyewe akiwa amefikia umri wa kutoa maoni yake, na desturi za jamii ya wazazi. Mtoto aliye chini ya miaka 7 hudhaniwa kwamba heri akae na mama, ila dhana hiyo yaweza kupingwa kwa ushahidi. Na hapo hapo hakimu ameagizwa kufikiri ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamisha hamisha. Tena, pakiwa na sababu za pekee zinazowafanya wazazi wote wawili wasifae, mtoto aweza kuwekwa kwa ndugu mwingine. Neno hili la mwisho lina uzito katika nchi yetu. Tangu ugonjwa wa ukimwi ulipotambuliwa Kagera mwaka 1983, bibi wengi wamelea wajukuu pasipo karatasi yo yote, na wengi wa wazazi wanaogombana leo walilelewa hivyo wao wenyewe.

Angalieni kwamba desturi haikufutwa. Imewekwa miongoni mwa mambo ya kutazamwa, lakini imeshushwa kutoka kitini. Baba wa Kihaya asikiapo hakimu akisema "mtoto atakaa na mama", husikia kana kwamba amesema "mtoto si wako", na hukata rufani au huja usiku kumchukua. Twadhani nusu ya ugomvi ingetulia kama mtu angemweleza kwamba hakimu hakulijibu swali lile la kale. Mtoto aliyekaa Muleba kwa mama yake hajapoteza ukoo wake wala kibanja cha babu yake cha Kaagya; naye baba bado analo jukumu la matunzo, yaani chakula, mavazi, malazi na shule, hata kama mtoto hakai kwake. Na mama naye husikia vibaya: hudhani kwamba amri ya makao imemfuta baba, akabadili hata jina la mtoto shuleni. Tumeombwa mara 2 kufanya hivyo, tukakataa.

Kwa upande wa Kanisa Katoliki twaongeza maneno machache, kwa kuwa mapadre wametuuliza. Talaka ya serikali haiondoi kifungo cha ndoa ya sakramenti, ingawa sheria ya Kanisa ya 1983 yakubali mume na mke watengane kwa sababu nzito kifungo kikibaki. Ipo pia njia ya kutamka kwamba ndoa ilikuwa batili tangu mwanzo, ambayo Papa Fransisko aliifupisha kwa barua yake ya mwaka 2015. Wazazi wengi huiogopa njia hiyo wakidhani kwamba watoto wao watageuka kuwa wa haramu. Sivyo, sheria ile ile yasema kwamba watoto waliozaliwa katika ndoa iliyodhaniwa kuwa halali ni halali. Padre asiyelisema jambo hili mwanzoni atawaacha watu katika hofu ya bure, maana kwa Mhaya hofu hiyo ni ile ile ya mtoto kukosa ukoo.

Nasi walimu tunayo makosa yetu. Tulizoea kumpa mtoto mzazi aliyekuja na karatasi yenye muhuri mkubwa. Siku ile tulipozisoma karatasi mbili, mwalimu mkuu alikataa kumtoa mtoto kwa ye yote mpaka amri ya mahakama ionekane, na baba alitutukana, akisema tumemwuza mwanawe. Hatukumjibu. Tuliwaandikia wazazi wote wawili, tukawaeleza kwamba karatasi ya wazee yathibitisha mali, ya Baraza yathibitisha kushindwa kupatana, na kwamba bado pana karatasi ya tatu.

Shauri lilikwenda Mahakama ya Mwanzo. Mama aliiambatisha hati ya Baraza, nayo ilikuwa na kasoro, ikarudishwa. Miezi 4 ikapita. Ilipokuja iliyo sahihi, ndoa ikavunjwa. Hakimu akamwita mtoto chumbani kwake pasipo wazazi. Mtoto alitusimulia baadaye kwamba aliulizwa anataka kukaa kwa nani, naye alijibu kwamba anataka kukaa alipo dada yake mdogo, ambaye alikuwa na miaka 5 na yuko kwa mama. Akaamriwa kukaa Muleba, na kuja Kaagya wakati wa likizo. Likizo ya kwanza tulimwona katika kibanja cha baba yake akipalilia migomba pamoja na babu, na babu akimwonyesha mpaka.